Mlio wa Eksozi si Nguvu ya Gari

Msafiri atokaye Mbarara kuelekea Ibanda hupita Bwizibwera, mji mdogo wa Kashari wenye maduka pande zote mbili za barabara, kituo cha afya cha daraja la nne, na pilikapilika za watu waendao shambani na wale warudio. Katika barabara hiyo hupita malori ya ndizi, pikipiki za bodaboda na magari ya kubebea maziwa. Siku hizi hupita pia gari la namna nyingine: dogo, lenye tumbo lililokaribia lami, aghalabu Subaru Impreza iliyotumika kwanza Japani, ambalo husikika muda mrefu kabla halijaonekana. Ng'ombe wa pembe ndefu huinua vichwa, watoto hukimbilia ukingoni kushangilia, na mgonjwa aliyekuwa ameanza kupata usingizi hufumbua macho.

Tumeonelea vema kulizungumza jambo hili katika ukurasa wa askari kwa kuwa linatuhusu mara mbili. Kwanza, miongoni mwa vijana watafutao namna ya kuliongezea gari mlio, wamo askari wenzetu wa jeshi na wa polisi, ambao baada ya kuweka akiba kwa miaka kadhaa hununua gari la mbio na kutaka lisikike. Pili, askari ndiye asimamaye barabarani usiku na mchana, akitakiwa kuamua kwa sekunde chache kama mlio aliousikia ni wa nini. Hatukusudii kumnyima kijana furaha ya gari lake. Nia yetu ni kueleza eksozi ilivyo na kazi yake, ni nini kipatikanacho kwa kuibadili, ni gharama gani hulipwa, na nani huilipa.

MLIO WATOKA WAPI

Injini ya petroli hufanya kazi kwa hatua nne: hufyonza hewa na mafuta, huvigandamiza, huviwasha, kisha husukuma moshi nje. Vali ya kutolea moshi inapofunguka, gesi iliyomo ndani ya silinda ingali na joto kali na msukumo mkubwa kuliko hewa ya nje, hivyo hutoka kwa kishindo. Injini ya silinda nne hutoa vishindo viwili kwa kila mzunguko mmoja. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, vishindo 100 hupita katika bomba kila sekunde. Sikio haliwezi kuvitenga kimoja kimoja. Huvisikia vyote kama mngurumo mmoja.

Kabla ya kufika nje, vishindo hivyo hupita vituo kadhaa. Cha kwanza ni manifodi, yaani matawi ya mabomba yanayokusanya moshi wa silinda zote na kuuingiza katika bomba moja. Katika magari yenye turbo, moshi huo hulizungusha gurudumu dogo ambalo nalo husukuma hewa zaidi ndani ya injini. Kituo kifuatacho ni kisafisha moshi, kisanduku chenye madini ya thamani kama vile platini, ambacho huzigeuza gesi za sumu ziwe gesi zisizo na madhara makubwa kwa mtu azivutaye. Mwisho ni silensa.

Ndani ya silensa mna vyumba na mabomba yenye matundu. Wimbi la sauti huingia, hugonga ukuta, hurudi, na kukutana na wimbi jingine lijalo. Mawimbi hayo mawili yakikutana kinyume hupunguzana nguvu. Silensa za namna nyingine hujazwa nyuzi za kioo, ambazo huinyonya sauti na kuigeuza kuwa joto. Yafaa ikumbukwe basi kwamba silensa haikuwekwa na mtengenezaji ili kulibania gari pumzi. Ukubwa wake na idadi ya vyumba vyake vilipimwa pamoja na injini yenyewe.

BABA WA RASHASHA, MWANA WA SILENSA

Msomaji askari atapendezwa kujua kwamba silensa ya gari na ile ya bunduki ni za ukoo mmoja. Hiram Maxim, Mmarekani aliyehamia Uingereza, alibuni katika miaka ya 1880 bunduki ya rashasha iliyojipakia yenyewe kwa nguvu ya teke lake. Ndiyo bunduki aliyokuja nayo Kapteni Lugard Kampala mwezi Desemba 1890, na ndiyo iliyosikika katika vita vya Mengo mwezi Januari 1892. Maxim mwenyewe alizijaribu silaha zake kwa miaka mingi bila kinga ya masikio, na uzeeni akawa hasikii vizuri kabisa.

Mwanawe, Hiram Percy Maxim, alishika njia nyingine. Mwaka 1909 alipata hataza ya silensa ya bunduki, na kanuni ile ile ya kuizungusha gesi na kuipunguzia kasi kabla haijatoka nje akaitumia katika silensa za injini. Kiwanda alichokianzisha kiliendelea na kazi hiyo ya kuzima kelele za mitambo. Kijana wa leo anayeikata silensa ya gari lake kwa msumeno huitupa kazi ambayo watu waliijua thamani yake kwa kupoteza masikio.

JINSI MLIO UNAVYOONGEZWA

Ziko njia nyingi za kuliongezea gari mlio, nazo hazilingani kwa gharama wala kwa matokeo.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kuikata silensa na kuchomelea bomba tupu mahali pake. Kazi hiyo hufanywa kwa muda mfupi katika gereji yoyote yenye mashine ya kuchomelea. Mlio hupanda papo hapo, lakini huwa ni mlio mkavu, wenye mtetemo unaoingia hadi ndani ya gari na kumchosha dereva kabla hajafika mbali.

Njia ya pili ni kukiondoa kisafisha moshi. Wapo wanaofanya hivyo ili kupata mlio, na wapo pia wanaoshawishiwa kwa sababu madini yaliyomo yana bei. Mwenye gari huondoka na bomba tupu, na sumu iliyokuwa ikizuiliwa huachwa itoke wazi mbele ya nyumba za watu.

Njia ya tatu ni kufunga eksozi nzima iliyoundwa upya, yenye bomba pana la chuma kisichoshika kutu, na silensa ambayo moshi huipita moja kwa moja huku sauti ikinyonywa pembeni. Hii hugharimu fedha nyingi, lakini mlio wake huwa mzito na wenye mpangilio. Njia ya nne, ambayo watengenezaji wa magari ya mbio wenyewe huitumia, ni kuweka mlango mdogo ndani ya eksozi. Mlango ukifungwa, moshi hupita katika vyumba vyote vya silensa na gari huenda kwa utulivu. Ukifunguliwa, moshi hukata njia na mngurumo husikika. Dereva mwenye busara huufunga anapoingia mjini.

Njia ya tano haigusi bomba kabisa. Fundi huibadili programu ya kompyuta ya gari, ili dereva anapoachia mafuta, petroli kidogo iingie bado na kuwaka ikiwa imechelewa, ndani ya eksozi. Matokeo yake ni milio ya kupasuka: pa, pa, pa! Tutairudia njia hii baadaye, maana kwetu askari ndiyo yenye hatari kuliko zote.

Fundi mmoja wa gereji mjini Mbarara, tulipomwuliza wateja wake hutaka nini hasa, alitujibu kwa ufupi: "Afande, mteja haniulizi gari litakimbiaje. Ananiuliza litasikika mpaka wapi."

JE, NGUVU HUONGEZEKA?

Jibu la haki ni kwamba inategemea. Katika gari lenye turbo, bomba pana baada ya turbo huweza kuongeza nguvu, kwa kuwa gurudumu la turbo huzunguka kwa wepesi zaidi moshi unapotoka bila kizuizi. Lakini faida hiyo huja pale tu kompyuta ya gari inaporekebishwa na fundi anayeijua kazi yake. Bila marekebisho, turbo huweza kusukuma hewa kupita kiasi kilichokusudiwa, na injini ikaungua.

Katika gari lisilo na turbo mambo ni tofauti. Bomba la kipimo sahihi hulipa moshi mwendo wa haraka, na kila kishindo kinapotoka huacha nyuma yake mvuto unaosaidia kuiondoa gesi ya silinda inayofuata. Ukiweka bomba pana mno, moshi hupoteza mwendo na mvuto huo hupungua. Nguvu chache huenda zikapatikana injini inapozunguka kwa kasi ya juu, lakini nguvu za chini, zile zitumikazo kuondoa gari na kupanda mlima, hupungua. Hivyo katika vilima vya Ankole gari hilo hulia zaidi na kupanda taratibu zaidi.

Watengenezaji wenyewe wanajua kwamba sauti ni jambo moja na nguvu ni jingine. Lexus walipounda gari la LFA, ambalo yalitengenezwa magari 500 tu kati ya mwaka 2010 na 2012, waliwashirikisha wataalamu wa Yamaha, ambao pia huunda ala za muziki, ili waitengeneze sauti ya injini yake ya silinda kumi. Nao BMW katika gari lao la M5 la mwaka 2011 waliamua kuipitisha sauti ya injini katika spika za ndani ya gari, ili dereva aisikie vema bila jirani kusumbuliwa. Ikiwa wenye viwanda vikubwa huichukulia sauti kama kitu cha kutengenezwa kando, kijana wa Bwizibwera asidanganywe kwamba kila desibeli ni farasi mmoja aliyeongezwa chini ya boneti.

SUBARU NA HESHIMA YA MASHINDANO

Hatuwezi kulizungumza jambo hili bila kutaja mapenzi ya watu wa Afrika Mashariki kwa mashindano ya magari. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 na katika miaka yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Kampala mwaka 1945, aliyashinda mara tano: mwaka 1973 akiwa na Datsun 240Z, kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Jina la Subaru lilipanda baadaye. Mwaka 1994 Mkenya Patrick Njiru alimaliza wa nne akiendesha Impreza, na mwaka 1997 Mskoti Colin McRae akashinda kwa gari la jina hilo hilo. Nchini Uganda, Mbarara ni mmojawapo wa miji inayopokea mashindano ya kitaifa, na watu hutoka mbali kuja kusimama kando ya njia za vumbi.

Mngurumo wa Subaru unaopendwa sana una sababu yake. Injini yake hulaza silinda mbili upande huu na mbili upande ule. Katika magari ya zamani, matawi ya manifodi hayakuwa na urefu sawa. Vishindo vya upande mmoja vilichelewa kidogo kufika vilipokutana na vya upande wa pili, na ndiyo maana sikio husikia mdundo wa kukatikakatika. Katika Legacy iliyotoka mwaka 2003 kampuni iliyasawazisha matawi hayo. Turbo ilipata moshi kwa mpangilio bora zaidi, lakini ule mdundo ukapotea. Kumbe sauti iliyoheshimiwa kama alama ya nguvu ilitokana na mabomba yasiyolingana.

Yafaa pia tujue kwamba gari la mashindano nalo lina mipaka. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, ziliweka kikomo cha desibeli 103 kwa magari ya rali, kipimo kikichukuliwa karibu na mdomo wa eksozi, injini ikizunguka mara 3,500 kwa dakika. Na gari hilo hukimbia katika barabara iliyofungwa, lenye waamuzi, gari la wagonjwa na watazamaji waliokuja kwa hiari yao. Aliyelala nyumbani kwake saa saba za usiku hakununua tikiti ya mashindano hayo.

HESABU YA KELELE

Desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Zikiongezeka 10, nguvu ya sauti huwa imezidi mara kumi, ingawa sikio la binadamu huisikia kama imezidi takriban mara mbili. Kwa upande mwingine, pahali palipo wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hupungua desibeli 6.

Tuchukue gari lenye desibeli 100, lililopimwa nusu mita kutoka mdomo wa eksozi. Kwa mtu aliye umbali wa mita 16 zitabaki desibeli 70. Kwa aliye umbali wa mita 128 zitabaki 52. Hazitashuka chini ya 35 mpaka gari liwe mbali naye kiasi cha kilomita moja. Kuta, miti na upepo huweza kubadili hesabu hiyo, lakini picha yake ni hiyo.

Sasa tutazame sheria. Kanuni za Uganda za viwango na udhibiti wa kelele, zilizotungwa mwaka 2003, ziliweka kwa hospitali na mahali pa kuuguzia wagonjwa kikomo cha desibeli 45 mchana na 35 usiku. Kwa nyumba za kuishi, 50 mchana na 35 usiku. Mchana ulihesabiwa tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku. Kwa hesabu tuliyoifanya, gari moja lipitalo usiku katikati ya Bwizibwera huweza kuvuka kikomo hicho katika mji mzima, kuanzia kituo cha afya hadi nyumba ya mwisho.

Na dereva mwenyewe hasalimiki. Wataalamu wa afya kazini hushauri mtu asikae katika desibeli 85 zaidi ya saa nane kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda huo hugawanywa kwa mbili: saa nne kwa desibeli 88, saa mbili kwa 91, saa moja kwa 94, na dakika 15 tu zikifika 100. Sikio lililokufa halifufuki. Askari ambaye masikio yake yamekwisha kupigwa na milio ya shabaha hana sababu ya kuyamalizia nguvu katika likizo. Isitoshe, dereva aliyezungukwa na mngurumo wake mwenyewe hasikii king'ora cha gari la wagonjwa, wala filimbi ya polisi, wala kilio cha mtoto aliye nyuma ya gari.

MASIKIO YALIYOZOEA VITA

Tulisema tutairudia ile milio ya kupasuka. Sisi askari tumefundishwa kwamba mlio ni habari. Kwa mlio mtu hujua silaha ni ya aina gani, iko upande gani na umbali gani. Ndiyo sababu kikosi kiwapo doria huchunga nidhamu ya sauti kama kinavyochunga nidhamu ya mwanga. Basi mlio wa uongo ni habari ya uongo, na habari ya uongo mahali penye silaha huweza kuua.

Sehemu hii ya nchi ina masikio yenye kumbukumbu. Wazee wa Mbarara wanakumbuka Februari 1979, mji wao ulipotekwa katika vita vya kumwondoa Idi Amin. Na jina la Saba Saba, ambalo Waganda waliyapa makombora ya Katyusha ya jeshi la Tanzania, lilitokana na vita hivyo hivyo. Kusini-mashariki mwa Mbarara, wilayani Isingiro, uko mtaa wa wakimbizi wa Nakivale, ulioanza kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambao ni mmoja wa mitaa ya kale kabisa ya wakimbizi katika Afrika. Humo sasa wanaishi maelfu kwa maelfu ya watu: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Wengi wao hufika Mbarara kwa biashara, kwa matibabu na kwa safari. Mama aliyekimbia na watoto kutoka Kivu hakuhitaji mtu amweleze mlio wa risasi ukoje. Anaposhuka katika gari la abiria na kusikia pa, pa, pa nyuma yake, mwili wake hulala chini kabla akili haijauliza ni gari la nani.

Na si raia peke yake. Askari wetu walianza kazi ya kulinda amani Mogadishu mwezi Machi 2007, na wengi wamepokezana zamu huko tangu wakati huo. Mtu aliyejifunza kulala chini kwa sauti ya mlipuko halisahau funzo hilo kwa kuvuka mpaka tu. Mweke mtu huyo katika kizuizi cha barabarani usiku wa manane, bunduki begani, mvua ikinyesha, kisha gari lisilopunguza mwendo litoe milipuko mitatu mita thelathini mbele yake. Dereva alikuwa akicheza. Askari hana habari ya mchezo huo. Katika nafasi hiyo ndogo kati ya mlio na uamuzi, kijana huweza kupoteza maisha na askari akapoteza maisha yake yote yaliyobaki kwa majuto na mashtaka.

KWA ASKARI WA USALAMA BARABARANI

Kwa hiyo tunatoa mashauri machache kwa wenzetu wanaosimamia barabara chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1998 na marekebisho yake.

Kwanza, mlipuko wa eksozi usiwe kamwe sababu ya kunyanyua silaha dhidi ya gari. Jikinge, tazama, tambua, ndipo uamue. Milio ya eksozi hufuata mguu wa dereva: husikika anapoachia mafuta au anapobadili gia, nayo hutoka chini na nyuma ya gari.

Pili, tofautisha ukorofi na umaskini. Magari mengi ya mitumba hufika yakiwa yamezeeka, na silensa iliyoliwa na kutu hupasuka yenyewe. Kovu la kutu huonekana; alama mpya ya kuchomelea na bomba pana linalong'aa nazo huonekana. Mwenye silensa iliyooza anahitaji kuamriwa aitengeneze. Aliyeikata kwa makusudi anahitaji kueleza.

Tatu, sikio la askari si kipimo cha kutosha mahakamani. Njia inayokubalika kimataifa ni kukiweka kipima sauti nusu mita kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya nyuzi 45, gari likiwa limesimama na injini ikizunguka kwa kasi iliyopangwa. Pasipokuwa na chombo, gari lipelekwe kwa mkaguzi wa magari. Wenzetu wa Ufaransa walianza mwaka 2022 kujaribu rada za sauti katika mji wa Paris na penginepo, ambazo husikiliza, hupima na kupiga picha, zikilenga magari yazidiyo desibeli 85. Hata huko hawakutegemea hasira ya afisa.

Nne, mlio usigeuzwe kuwa mlango wa kujipatia chai. Dereva akiachiwa kwa noti, kesho atapita na mlio ule ule, na kutwa nzima utamsikia akiitangaza bei yako.

KWA MWENYE GARI

Kwa kijana mwenye gari la mbio, awe raia au mwenzetu, hatusemi lifungie gari lako uani. Ukitaka mlio mzuri, tafuta ubora wa mlio badala ya wingi wake. Acha kisafisha moshi mahali pake. Chagua silensa iliyotengenezwa na watu wanaojulikana kwa kazi hiyo, na ikiwezekana yenye mlango wa kufungwa mjini. Kataa kabisa programu ya milipuko: pamoja na hatari tulizozieleza, moto unaowaka ndani ya eksozi huila turbo na kukiyeyusha kisafisha moshi.

Kila baada ya kuchomelewa bomba, hakikisha viungo vyote vinakaguliwa. Moshi unaovuja chini ya sakafu una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Humlegeza mtu kwa maumivu ya kichwa na usingizi, kisha humuua akiwa ameketi, hasa gari likiwa limesimama huku injini inanguruma na vioo vimefungwa. Tena, wakati wa kiangazi usiliegeshe gari juu ya nyasi kavu mara baada ya safari ndefu. Vyuma vya eksozi hufikia joto la mamia ya nyuzi, na malisho ya mfugaji huweza kuteketea kwa sababu ya gari moja.

Na ukiwa askari, kumbuka kwamba mwananchi hakutenganishi na kazi yako kwa kuwa umevua sare. Akikusikia ukipasua usiku, hatasema ni kijana fulani aliyepita. Atasema ni jeshi, au ni polisi. Sisi tuliokabidhiwa kulinda usingizi wa watu hatuna budi kuwa wa kwanza kuuheshimu. Yapo mashindano ya magari yenye barabara zilizofungwa na watu wanaokuja kwa ajili ya ngurumo hiyo. Huko, kijana, ufungue ule mlango wa eksozi hadi mwisho. Ukifika Bwizibwera, kabla ya kituo cha afya, uufunge.